Grafu Iliyotetemeka Kakamega

Wakulima wa miwa na mahindi walikuwa wameketi ukumbini, nje ya mji wa Kakamega kidogo, wakisubiri kuonyeshwa mvua yao. Si kwamba hawaijui. Upande wa msituni hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya Machi na Mei mtu wa huku hubeba mwavuli hata jua likiwa utosini. Lakini mvua iliyochorwa ni heshima nyingine. Mtakwimu aliyealikwa, binti wa Lurambi anayesifika kwa umakini, akabonyeza kitufe.

Ukutani ukatokea mstari uliopindapinda. Mihimili nayo ilikuwa imepinda, na jina la kila mwezi limekaa upande kwa mwandiko wa utani.

“Binti yangu,” mzee wa safu ya mbele akauliza kwa upole mkubwa, “hii uliichora ukiwa kwenye bodaboda?”

Chai ikaletwa mapema.

Chanzo kilikuwa mpwa wa mtakwimu. Usiku uliotangulia, ili kumchekesha mtoto, alichora grafu ya hamu ya kufanya kazi ya shule inavyoshuka kadiri harufu ya kuku inavyopanda kutoka jikoni. Alitumia Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea grafu, iliyoanzishwa na John D. Hunter, Mmarekani mtafiti wa ubongo aliyetaka kuyaona vizuri mawimbi ya umeme kutoka vichwani mwa wagonjwa wa kifafa. Ni kazi nzito, lakini tangu toleo la 1.3 la mwaka 2013 ndani yake kuna mzaha uitwao plt.xkcd, kwa heshima ya katuni za Randall Munroe. Ukiuita, kila mstari hutetemeka kana kwamba umechorwa kwa mkono. Mpwa alicheka hadi akasahau kuku. Shangazi naye, katika daftari lilelile la Jupyter, akaendelea na mvua ya wakulima, akaihifadhi bila kuitazama mara ya pili.

Agizo la plt.xkcd haligusi grafu moja tu. Hubadilisha rcParams, orodha ya mipangilio ambayo programu nzima huitegemea: ukubwa wa herufi, rangi, unene wa mistari. Ni sawa na redio ya matatu: anayeongeza sauti ni dereva, anayeziba masikio ni abiria wa kiti cha nyuma.

Jioni binti akafanya ambalo kila mtu angefanya: akaufuta mstari wa plt.xkcd na kuchora upya. Grafu ikatetemeka vilevile. Akafunika kompyuta, akanywa maji, akaifunua. Bado. Kufuta maandishi hakufuti kilichokwisha kutendeka kwenye kumbukumbu ya programu inayoendelea. Ilibidi aiwashe programu upya, au aiite rcdefaults irudishe mipangilio ya kiwandani. Tangu mwanzo angeweza kuufungia mzaha ndani ya neno with, ukaishia kwa mpwa. Hayo yote yameandikwa. Tatizo ni kwamba mwongozo husomwa baada ya aibu.

Alipousoma hatimaye, ndipo alipochanganyikiwa kweli. Mwongozo unapanga ngazi tatu: rcParams zinazowekwa programu ikiendelea huishinda mitindo iliyotayarishwa, nayo mitindo huishinda faili ya matplotlibrc. Ukisikia hivyo unadhani ni vyeo, chifu juu ya naibu wake. Akaweka font.size kuwa 16 ili wazee wasome bila miwani, kisha akauita mtindo wa ggplot upate ule usuli wa kijivu. Herufi zikanywea hadi 10. Naibu kampindua chifu mchana kweupe!

Mwongozo haukudanganya, ila ulinyamazia jambo moja ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lilistahili kutangulia: style.use, agizo linaloita mtindo, nalo huandika ndani ya orodha ileile ya rcParams, na faili ya ggplot inakuja na font.size yake, 10. Hapo cheo hakisaidii kitu. Anayeandika mwisho ndiye anayebaki. Tena, sehemu kubwa ya mipangilio husomwa grafu inapoumbwa, kwa hiyo atakayeibadilisha baada ya hapo ataigusa grafu ijayo, si hii iliyo mbele yake. Faili ya matplotlibrc ina vituko vyake pia: ikiwa kwenye folda unayofanyia kazi, husomwa hiyo, na nyingine hazitafutwi tena. Ukihamia folda ya jirani, unahamia pia kwenye ladha yake ya rangi.

Binti akawaandikia wenzake ofisini maelezo mafupi ya Kiswahili: ita mtindo kwanza, badilisha vipimo baadaye, chora mwisho; ukitaka mzaha, ufungie ndani ya with. Akayabandika juu ya printa, mahali ambapo macho hukosa kwingine kwa kwenda karatasi inapokwama.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikalia. Ni mwenzake wa dawati la pili, sauti imejaa huruma.

“Dada, maelezo ni mazuri sana, ila yana kosa. Nimeweka herufi 16 na zimetoka ndogo.”

“Ggplot umeiita wapi?”

“Mwishoni kabisa. Si ni urembo tu?”