Usiku Tuliozima Feni

Laptop yetu ilianguka Alhamisi, saa mbili usiku, tukiwa tunakula. Mwanangu wa miaka minne alikuwa anapita chini ya meza, mguu wake ukanasa kwenye waya wa chaji, na mashine ikafuata waya. Ilitua sakafuni kwa pembe, ikiwa inafanya kazi. Mume wangu aliiokota akaipangusa. Kioo kizima, maandishi yanasomeka. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea na wali wetu, nami nikaizima kabla ya kulala.

Asubuhi haikuwaka. Taa yake iliwaka, ndani kukavuma, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza: hakuna kifaa cha kuwashia. Nikabonyeza tena, mstari uleule. Nikampigia mume wangu kazini. Akaniambia nichomoe chaji na betri, nihesabu mpaka sitini, nirudishe. Nikahesabu mpaka mia. Mstari uleule.

Mashine yenyewe haikuniuma. Ni ya mwaka 2014, tuliinunua imekwisha kutumika, betri yake haikai hata dakika tano, na herufi A imefutika kwenye kibodi. Kilichonikata maini ni folda moja niliyoipa jina BABA. Ndani yake mlikuwa na rekodi 11 za sauti nilizochukua Pangani mwaka 2018, mimi na baba tumekaa barazani, simu tumeilaza juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Alinieleza ukoo wetu: nani kamzaa nani, nani alihamia Muheza na kwa sababu gani, shamba la minazi limepakana na nani, na miaka yake ya ujana akikata mkonge. Baba alifariki mwaka 2020. Ile simu niliibiwa sokoni mwaka uliofuata. Nakala ya pili sikuwa nayo, na kila mwaka nilikuwa nasema nitaiweka.

Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema tuianike juani, huenda ina unyevu. Shemeji yangu alipiga simu kutoka Korogwe akashauri tuitoe diski, tuifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza kwenye friza usiku mmoja. Alisema kuna mtu anamjua alifanya hivyo akafanikiwa. Namshukuru Mungu sikumsikiliza. Diski ikitoka kwenye baridi hufanya umande, na umande ukishaingia ndani unaweza kuiharibu kabisa.

Alasiri nilimpelekea fundi. Ni kijana mstaarabu, kibanda chake kimejaa mashine za watu, hapumziki. Aliiwasha, akausoma ule mstari, akaizima.

"Mama, hii tupige window. Elfu ishirini tu, kesho asubuhi unaichukua inawaka kama mpya."

"Na vitu vyangu vilivyomo?"

"Vile vitaondoka. Lakini mashine itapona."

Nilisimama pale kwenye jua, pochi mkononi. Nimeshawaona watu waliojibu ndiyo kwa swali lile. Mwalimu mwenzangu alipoteza picha zote za harusi ya bintiye hivyo hivyo, na mashine yake ilirudi inawaka vizuri kabisa. Fundi hana kosa. Wateja wake wengi wanataka mashine iwake, basi. Lakini kupiga window, yaani kuweka Windows upya, ni kuandika juu ya diski, na kila kinachoandikwa kinaweza kukalia mahali pa kitu kilichokuwapo. Faili za mtu hazitegemei Windows ili ziwepo. Zimo kwenye diski, hata mashine ikiwa haiwaki, mpaka mtu aandike juu yake. Siku ile nilikuwa sijui haya. Nilichojua ni kwamba neno "vitaondoka" lilinitia baridi. Nikaichukua laptop yangu nikarudi nayo nyumbani Ngamiani, Tanga.

Jioni nikampigia binti wa dada yangu, anayesomea kompyuta Dar es Salaam.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Laptop imekufa, na rekodi za babu yako zimo ndani."

"Umeiwasha mara ngapi tangu asubuhi?"

"Labda mara kumi."

Alinyamaza kidogo. "Usiiwashe tena mama mdogo. Hata mara moja. Kesho napanda basi la alfajiri."

Alifika Jumamosi mchana na mkoba mdogo: bisibisi ya skrubu ndogo, flashi mbili, waya. Mama yangu alikuwa kwetu wiki hiyo kwa ajili ya kliniki, naye hakumwacha mjukuu wake aguse kitu kabla hajala. Usiku, baada ya isha, ndipo akaiweka mashine mezani na kutuomba kimya. Tulizima feni ya dari. Tukazima televisheni. Mume wangu akaenda kukaza bomba la jikoni lililokuwa linadondosha matone. Watoto wakaambiwa wakae mkekani wasitikisike.

"Nasikiliza kama inagonga," alisema. Ndani ya diski kama ile, alitueleza, mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Mashine ikianguka diski ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani au kuvunjika. Kikivunjika, utasikia tik, tik, tik, kwa mpangilio. "Nikiisikia hiyo naizima papo hapo, na hatuifungui humu ndani. Hiyo ni kazi ya watu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa."

Akaiwasha, akalaza sikio kwenye kona ya kushoto, karibu na mahali pa kulaza kiganja. Nami nikainama upande wa pili. Nilisikia mvumo. Kisha mkwaruzo mmoja mfupi, kama kijiko kinachogusa sufuria. Kimya. Mvumo ukarudi.

"Haigongi," alisema.

Mama yangu, kutoka kwenye kochi, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

Aliniuliza pia kama tulikuwa tumeifunga diski kwa ufunguo, maana kompyuta nyingi za Windows za siku hizi hujifunga zenyewe, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 hata diski nzima haisomeki. Yetu ni ya zamani, haikufungwa. Wenye mashine mpya waujue ufunguo wao uko wapi leo, kabla hazijaanguka.

Asubuhi ya Jumapili nilitoa fedha yangu ya mchezo, zamu ilikuwa imenifikia mwezi ule, tukaenda kununua diski ya nje ya TB 1. Niliuliza kwa nini asizitafute rekodi moja kwa moja. Akaniambia diski mgonjwa haipekuliwi. Inanakiliwa yote kwanza, halafu unapekua nakala. Kila dakika inayozunguka inazidi kuchoka.

Alichomeka flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski ya ndani. Laptop ikawaka. Watoto walipiga makofi, yeye akawaambia bado. Akafungua programu iitwayo ddrescue, nayo ni ya bure. Hiyo huanza kusoma sehemu nzima za diski, ikikutana na jeraha inaliruka, na mwisho ndipo inarudi kwenye majeraha kidogo kidogo. Ingeanza kwa kung'ang'ania palipoharibika, diski ingeweza kufia hapo na yale mazima yakapotea nayo.

Kazi ilianza saa sita mchana. Namba zilikuwa zinapanda, GB 40, GB 90, tukapika, tukala, tukaswali, tukarudi kuangalia. Saa tisa usiku umeme ulikatika. Betri ile haikushika hata sekunde kumi. Niliketi gizani nikalia, kwa sababu niliona tumepoteza saa 15 na pumzi ya mwisho ya diski. Yule binti aliamka akawasha tochi ya simu. "Mama mdogo, lala. Programu inaandika ramani ya ilipofika, na ramani nimeiweka kwenye diski mpya." Umeme uliporudi saa mbili asubuhi ilianzia palepale ilipoachia.

Ilikamilika Jumatatu usiku. Kati ya GB 500, zisizosomeka zilikuwa MB 38.

Tukafungua nakala. Picha za ndoa yetu zipo. Mitihani yangu ya darasa la sita ipo. Folda ya BABA ipo, jina lake limeandikwa vizuri, na ndani tupu. Jeraha lilikuwa limeangukia pale penye orodha inayoonyesha faili zilipo.

Ilibaki PhotoRec, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, anayeitoa bure kwa dunia nzima, nami namwombea kheri. Yenyewe haiangalii majina wala folda. Inapita kwenye diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za aina ya faili. Picha ya JPEG daima huanza na FF D8 FF. Sauti zilizorekodiwa na simu yangu zina herufi ftyp karibu na mwanzo. Ikiiona alama inachukua kilichofuata. Kwa hiyo kila kitu hurudi bila jina, namba tupu mbele yake herufi f, na faili iliyokuwa imehifadhiwa vipande vipande hurudi pungufu. Tulipata maelfu ya picha, nyingi ni vialama vya kurasa za intaneti. Tulipata pia sauti 64.

Tulizisikiliza moja moja. Miito ya simu. Kaswida. Mtoto wangu mkubwa akisoma shairi la shule. Ya kumi na tisa ilianza kwa jogoo, halafu kikohozi ninachokijua, halafu baba akauliza, "Umewasha?"

Hakuna aliyesema kitu. Mama alivuta mtandio mpaka machoni.

Ni yeye aliyezipa majina. Sisi tulisikia maneno, yeye alisikia siku. "Hii ni ile siku ya mvua, sikilizeni bati." "Hii asubuhi, mimi hapo natwanga." Mjukuu wake akawa anaandika kama anavyoambiwa, na mpaka leo faili moja inaitwa SIKU YA MVUA.

Tisa zilirudi kamili. Ya kumi imekatika. Ndani yake baba anasimulia Kikogwe, karibu na Pangani, ambako Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza mwaka 1893. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62. Baba anaitaja 62, anavuta pumzi, na sauti inaishia hapo.

Nakala sasa ziko tatu: kwenye diski kabatini, kwa dada yangu Dar es Salaam, na kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Ya 11, ile ya mipaka ya shamba, haikupatikana. Mama ana miaka 81 na anasema mti wa mpaka wa upande wa bahari anaujua. Jumamosi hii tunakwenda naye Pangani, atutembeze, na simu mbili zitakuwa zinarekodi.