Betri Sita, Visu Vitatu

Mjomba wangu wa Kilosa hajaniamini mpaka leo. Nilipompigia simu kumwambia nimepata trekta, aliniombea dua ndefu, kisha akauliza shamba lenyewe ni ekari ngapi. Nikamjibu nusu ekari, na nyumba imo humo humo.

"Unalima nini sasa?"

"Silimi, Mjomba. Nakata majani."

Kimya kikawa kirefu, nikadhani salio limeniishia. "Unakata majani," akasema hatimaye, "halafu unalisha nini?"

Silishi kitu. Lakini hapa Utica, jimbo la New York, majani ya uani yakikuzidi urefu unaoruhusiwa, manispaa inakuletea barua, na majirani wanaacha kukusalimia kabla hata barua haijafika. Mtu akikuachia trekta bure wakati anahamia Florida, unapokea kwa mikono miwili. Mzee aliyetuuzia nyumba alituachia lile trekta bandani, limefunikwa turubai, na ufunguo upo. Betri hazipo. Visu vipo, ila vimeliwa na kutu mpaka kimoja kimebaki na kipaji cha kisu tu.

Trekta lenyewe ni Elec-Trak E15. General Electric walilitengeneza Schenectady, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwangu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na linatumia umeme mtupu. Wanaodhani magari ya umeme ni jambo la juzi waje bandani kwangu. Betri sita za volti 6 zimeunganishwa mfululizo zikawa volti 36. Hakuna petroli, hakuna moshi, na kelele zake ni za feni ya mezani. Kila kisu kina mota yake. Mtu angeweza kuchomeka msumeno wa umeme au mashine ya kupunguzia ua, na kiwandani waliuza hata kifaa cha kuchomelea vyuma kinachokula umeme wa trekta hilo hilo. Ni mashine iliyofikiriwa na watu wenye akili zao. Tatizo ni kwamba watu hao waliacha kulitengeneza zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na visu havijui historia, vyenyewe vinalika tu.

Nikaenda duka la vipuri vya mashine za bustani. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, akauliza aina, nikamtajia. Akauliza mwaka. "1972," nikasema, nikamwona anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Kompyuta inasema hicho kitu hakipo."

"Kipo. Nimekileta." Nikakitoa kisu kwenye mfuko wa rambo, nikakiweka juu ya kaunta. Akarudi nyuma hatua moja. Ni kweli, mtu mzima anayeingia dukani na kutoa kipande cha chuma chenye makali na kutu, urefu wa mkono kutoka kiwiko, si picha nzuri kwa nchi hii. Lakini mimi nimekulia Dar es Salaam. Kule mtaa wa Gerezani ukitaka spea hakuna anayekuuliza mwaka. Unakwenda na ile mbovu mkononi, jamaa anaigeuza mara mbili, ananusa kama vile kutu ina harufu ya kiwanda, anapiga mluzi, na mtoto anatokea uchochoroni na tatu zinazofanana nayo. Huku kitu ni namba yake. Namba ikifutwa kwenye mfumo, hata ukikiweka mbele ya mtu na kikamkata kidole, hakipo.

Kijana akanisaidia kwa huruma, tukaanza kulinganisha. Hapo ndipo nilipojua kisu cha kukatia majani kina mambo mengi kuliko posa. Kuna urefu, kuna upana, kuna unene, kuna mkunjo wa ncha unaovuta hewa ili majani yasimame yakatwe. Kuna tundu la katikati: la duara, la pembe nne, la nyota, na mengine ambayo nahisi yalibuniwa na mtu aliyekorofishana na mkewe asubuhi hiyo. Kimoja kilikubali kila kitu isipokuwa kilizidi urefu kwa unene wa sarafu. Nikashawishika, maana unene wa sarafu ni nini? Kijana akakataa, na alikuwa sahihi. Kwenye mashine nyingi visu vinafungwa mkanda mmoja unaovizungusha pamoja. Vya kwangu kila kimoja kina mota yake na kinakwenda kivyake. Duara la kimoja likiingia kwenye duara la jirani, hakuna wa kuamua ugomvi.

Nikampelekea Papa Uvira. Ndivyo tunavyomwita mtaani. Alikuja na familia yake kutoka Kongo, anachomelea vyuma kwenye karakana moja hapa mjini, na hajawahi kukutana na chuma akakiita "mheshimiwa". Akakipima kisu kwa kidole gumba.

"Hii? Hii si kitu, ndugu yangu. Naleta springi ya lori, nakata, natoboa, kesho asubuhi unakata majani."

Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikakumbuka kipimo nilichosoma: kanuni za usalama za mashine hizi Marekani haziruhusu ncha ya kisu ipite futi 19,000 kwa dakika, ambayo ni karibu kilomita 350 kwa saa. Kisu cha kiwandani kinaundwa ili kikigonga jiwe kipinde. Chuma cha springi kilichokomazwa kikigonga jiwe kinaweza kupasuka, na kipande chake kikaenda kwa mwendo huo kumsalimia jirani asiyenisalimia. Nikamwambia Papa Uvira. Akafikiri.

"Basi tutafute springi laini," akasema.

Betri nazo zilikuwa na maneno yake. Ya gari haifai. Hiyo imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari likiwaka inapumzika; sahani zake ni nyembamba, na ukiinywesha mpaka ikauke kila Jumamosi, msimu hauishi. Trekta hili linataka betri za kazi ya muda mrefu, zenye sahani nene, zile zile za magari madogo yanayobeba wacheza gofu. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 28. Sita ni kama kilo 170: wanaume wawili na mazungumzo yao.

Dukani walikuwa nazo, na bei ningeimudu kwa shida. Kisha keshia akaongeza kiasi kingine kwa kila betri.

"Hiki ni nini?"

"Dhamana. Ukirudisha za zamani unarudishiwa."

"Sina za zamani."

"Kila mtu ana za zamani, bwana."

Sheria yenyewe ni njema. Risasi ni sumu, na kwa utaratibu huu karibu betri zote za namna hiyo nchini humu hurudi kuyeyushwa zikawa betri nyingine. Lakini mzee wetu wa Florida alizifikisha wapi zake? Nikampigia. Akasema tano alishazirudisha miaka ile na hela yake akala, ya sita ilizuia mlango wa banda. Nikaenda kuangalia. Bado ilikuwa inazuia.

Watu wakanishauri lithiamu. Nyepesi, hazitaki kuongezwa maji, zinaishi miaka mingi. Nikaenda kumwona bwana mmoja wa kijiji cha jirani aliyebadilisha za kwake, naye akanionyesha kwa fahari kisanduku ambacho ningeweza kukibeba kwapani. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga mifuko ya mchanga. Kumbe zile kilo 170 hazikuwa mzigo tu, ndizo zilizokuwa zinakandamiza magurudumu yashike ardhi. Alipoziondoa, trekta likawa linateleza kwenye kimteremko chenye umande. Amelipa hela nyingi kuondoa uzito, sasa anabeba mchanga kuurudisha.

Mwisho betri nilizipata klabu ya gofu, walipokuwa wanabadilisha za magari yao. Papa Uvira akaja na kipimo cha kioo cha kunyonya maji ya betri, akazichunguza moja moja mfuniko kwa mfuniko, amechuchumaa kama daktari wa kambi, na zile alizokunja uso hatukuzichukua. Ana haki. Zikiunganishwa mfululizo, moja iliyo mgonjwa inazifilisi nzima zote tano.

Visu vilitokea kwenye ubao wa matangazo wa duka la chakula cha mifugo. Mwandiko wa bibi, kalamu ya wino: sehemu za trekta la umeme, la marehemu mume wangu. Tukaenda na trela la Papa Uvira. Visu vilikuwa vitatu, vipya, bado vina mafuta ya kiwandani, vimefungwa mahali pake chini ya Elec-Trak nyingine.

"Visu peke yake siuzi," bibi akasema. "Mtaniachia hili jengo liwe tupu au mtaondoka."

Tulipofika nyumbani mke wangu akatoka, akayaangalia matrekta mawili yaliyosimama sambamba.

"La kutoa vipuri ni lipi?"

Nikamwonyesha lililoshuka kwenye trela: kiti kizima, rangi yake yote, usukani haujapasuka.

"Na hili bovu?"

"Ndilo letu."

Akalizunguka lile jipya, akafungua boneti, akachungulia palipotakiwa kuwa na betri. Patupu.

"Kwa hiyo tunatafuta sita?"

"Kumi na mbili, mama," Papa Uvira akajibu, akiendelea kukunja mnyororo wa trela. "Zile za gofu hazitapita baridi."