Kijiko cha Uganda

Jameni, likizo ya Agosti ni ya nini? Mimi najua ni ya kupalilia, kulala, na kwenda Malaba kwa shemeji kula kuku. Lakini mwaka ule wa SMASSE, mafunzo ya walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari, wacha tu. Watoto wamefunga shule, mimi ndio nafungua! Daftari kwapani, boda ya baiskeli kutoka Nambale, vumbi mpaka kwa meno. Hata dereva wa lori anayengoja kuvuka mpaka analala chini ya trela. Mwalimu wa fizikia, hapana.

Hii maneno ilianza 1998 na Wajapani wa JICA, wilaya 9 za majaribio. 2003 ikasambaa nchi nzima. Wakufunzi wa wilaya walikuwa wanafunzwa Nairobi, halafu hao ndio walikuja kutufunza sisi. Ilikuwa kama maji ya mfereji, yakifika huku kwetu Bukhayo presha imeisha.

Naingia darasani. Mkufunzi nani? Kijana wangu! Yule mwanafunzi niliyemwambia kidato cha pili akaendeshe boda, fizikia si yake. "Karibu mwalimu, kaa mbele." Nikakaa. Dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu.

Wimbo ulikuwa ASEI-PDSI. Mimi nilidhani ni dawa ya kupe. Kumbe mwanafunzi ajifanyie jaribio mwenyewe, vifaa vikikosekana utumie ulichonacho, halafu panga, fanya, tazama, rekebisha. Kutumia nilichonacho? Si ndiyo maisha yangu kuanzia tarehe kumi ya kila mwezi?

Basi naitwa mbele nionyeshe vitu vinavyopitisha umeme. Betri mbili za tochi, balbu, waya. Chuma sina, nikaazima kijiko jikoni. Naunganisha. Balbu kimya. Nasugua kijiko kwa shati. Kimya. Walimu wote wamenyoosha shingo kama bata. Jasho hilo! Nikajikaza, nikatangaza: "Kama mnavyoona, kijiko hiki hakipitishi umeme. Nafikiri ni cha Uganda."

Mama wa jikoni alikuwa mlangoni, amefuata kijiko chake. "Mwalimu, mbona betri zimegonganisha vichwa kama mbuzi?" Akaja, akageuza moja. Balbu, pwa!

Walimu wakapiga makofi. Si yangu. Kijana wangu hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma. Alivuta kiti polepole akakiweka kando ya dawati langu. "Mama, ukimaliza kupakua chai, kaa hapa na mwalimu wangu. Mpaka Ijumaa."