Reli ya Bububu Chini ya Nyumba Yangu

Denver, Colorado

Kwa Mjomba wangu mpenzi, pamoja na jamaa wote wa barazani Malindi, Unguja.

Barua yako imenifikia, nikaisoma mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikitokwa na jasho. Umeniandikia kwamba msafiri mmoja aliyefikia kwetu (jina lake silitaji, kwani alikula chakula chetu kwa furaha na mke wangu bado anamsifu) amerudi huko akatangaza barazani kuwa mpwa wako amemiliki ardhi huku Marekani, yenye minazi, miembe, ufuko wa bahari na gari la moshi la kwake mwenyewe. Kwamba habari hiyo imeaminiwa. Na kwamba tangu iaminiwe umekwisha kuletewa maombi ya mikopo, harusi ya kuchangiwa, na kijana mmoja anayetafutiwa kazi ya ustesheni masta.

Mjomba, kila alilolisema msafiri yule ni kweli, na hapo ndipo penye udhia. Ardhi ninayo, minazi imesimama, bahari iko, na gari la moshi hupita humo kila usiku baada ya sala ya isha. Ila ardhi yenyewe ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, nayo imekaa juu ya miguu ya mbao katika chumba cha chini ya nyumba, baina ya mashine ya kufulia nguo na pipa la maji ya moto. Mnazi mrefu kuliko yote katika milki yangu hauzidi shubiri moja. Yule kijana mwambie, kwa upole, kwamba nafasi ya stesheni masta iko wazi, lakini kimo kinachotakiwa ni sentimita 2, na mshahara hakuna.

Ili usidhani kwamba baridi ya huku imenipanda kichwani, sina budi kukueleza jambo hili lilivyoanza. Colorado ni nchi ya majabali, na mwaka 1870 Jenerali William Jackson Palmer alipoasisi kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande, aliamua kwamba baina ya chuma na chuma pawe na futi 3 tu, ilhali reli za kawaida zina futi 4 na inchi 8 na nusu; kwa sababu reli nyembamba hukubali kupinda mahali ambapo reli pana ingedai mlima uvunjwe, na mlima hauvunjwi bure. Reli hiyo ilifika mji wa machimbo ya fedha wa Silverton mwaka 1882, na mpaka leo gari la moshi la mvuke hutoka Durango, likafuata bonde la mto Animas kwa mwendo wa maili 45, na mahali fulani hupita katika kijia kilichochongwa ubavuni mwa jabali, ambapo abiria wa upande mmoja hutazama maji yaliyo mbali sana chini yao, na wa upande wa pili hutazama jiwe na kumshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa upande wa jiwe. Na ilipokuwa sina la kutazama ila kijitabu nilichopewa pamoja na tikiti, nikasoma habari za futi 3, nikakumbuka mara moja kwamba reli yetu ya Bububu, ile iliyojengwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ilikuwa na upana huo huo! Reli ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda bara ni ya mita moja. Ya kwetu wenyewe, iliyoanzia penye Ngome Kongwe, ikajipenyeza katika vichochoro vya Malindi na kushika njia ya kaskazini mpaka Bububu, maili 7 kwa jumla, ilikuwa ndugu wa kipimo na hii ya majabali. Tangu dakika ile, Mjomba, nilikuwa mtu aliyekwisha kupotea.

Aliyenishika mkono na kunipoteza zaidi ni jirani yangu, mzee mstaafu, ambaye ana Colorado nzima chini ya nyumba yake: vilele vya plasta vinavyogusa dari, misonobari isiyohesabika, madaraja ya vijiti, na mto wa rezini unaong'aa hata ukatamani kutawadha. Mzee huyu ana mabehewa machache tu, tena huyatumia kwa nadra. Kauli yake ni kwamba gari la moshi hununuliwa dukani kwa siku moja, lakini mahali pa kupita gari hilo hapauzwi popote, na mwenye kutaka mahali hapo sharti apafanye kwa mikono yake, udongo kwa udongo na jani kwa jani. Watu wa fani yake humtaja marehemu John Allen wa Monterey, California, kama sisi tunavyowataja mashekhe wa kale. Naye kwa hakika alikuwa mahiri wa kufanya milima ya mfano na kuchakaza majumba, ingawa heshima yangu kwake ilitikisika kidogo niliposikia kwamba miongoni mwa vichwa vya kuvutia mabehewa yake alikuwamo mnyama wa kale wa jamii ya mijusi wakubwa, mwenye mabamba mgongoni, aliyepewa jina la Emma.

Nilipomwambia jirani kwamba nataka kujenga reli ya Unguja, aliniuliza mlima wangu utakaa upande gani. Nikamwambia kwetu hakuna mlima. Akanyamaza, kisha akanipa pole. Kwa itikadi yake reli nyembamba bila ya mlima haina udhuru wa kuwa nyembamba, na nusura safari yangu iishie hapo, lau nisingalimletea ile picha ya zamani ambayo wewe waijua, yenye gari la moshi lililobanwa baina ya nyumba mbili hata mtu aliyeketi barazani angeweza kumwazima abiria kiberiti. Mzee alichukua rula, akaipima picha, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, “Basi nyumba zenu ndizo mlima.” Na kwa kweli, Mjomba, katika yote niliyoyasikia juu ya reli ile, hayo ndiyo maneno ya hekima zaidi: Palmer hakutaka kuvunja jabali, na hapana mtu aliyethubutu kuvunja nyumba za Malindi.

Kipimo tunachokitumia ni cha moja kwa 87, maana yake mtu wa kimo cha kawaida huwa sentimita 2, na futi 3 za reli huwa milimita 10 na nusu. Kwa hesabu hiyo, maili 7 za Bububu zingehitaji takriban mita 130, na ingenibidi nitoboe kuta za majirani wasiopungua sita, ambao mmoja wao ana mbwa mkali. Kwa hiyo nimefupisha. Nimeweka pembe moja ya Ngome, kichochoro kimoja cha Malindi, kisha kipande cha Mtoni, kisha Bububu. Na kutoka Malindi mpaka Mtoni ni mwendo wa shubiri tatu, jambo ambalo wenye kuijua barabara ile watalifurahia sana.

Kuta za mawe nimezimimina kwa plasta, nikazichora kwa sindano, nikazipaka wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti, ambao hukimbilia katika nyufa na kukaa humo, nao ukikauka ukuta hupata umri wa miaka mia kwa muda wa kunywa kahawa. Ajabu ya kazi hii ni kwamba mtu hujenga nyumba nzuri, akaipaka chokaa, kisha akaketi kuiharibu kwa makusudi, akibandua chokaa pembeni na kuchora kutu chini ya bomba. Na kadiri nyumba inavyokaribia kuanguka ndivyo wageni wanavyomsifu mwenyewe. Mungu anajua tuna mafundi wangapi wa fani hiyo huko Mji Mkongwe ambao hawajawahi kupongezwa hata mara moja.

Ama udongo, huo una hadithi yake. Udongo wa mfano haufanywi kwa rangi. Udongo mzuri ni udongo. Huchimbwa uani, hukaushwa, hupitishwa katika chekecheke pana, kisha katika chekecheke ya unga, kisha katika kichujio cha chai, mpaka unakuwa laini kama poda. Halafu hutiwa katika oveni na kuokwa ili wadudu na mayai yao wafe, kwani bila hivyo utakuta msitu wako umehamiwa na viumbe wakubwa kuliko abiria. Baada ya kuokwa hupitishiwa sumaku, kwa sababu mchanga una chembe za chuma, nazo zikiingia katika mota ya gari la moshi huliua. Ndipo unapoumwaga mezani, ukaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, maana bila ya sabuni gundi hukaa juu kwa vitone wala haizami, kisha ukadondosha gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji sehemu tatu, tone baada ya tone, kwa kibomba cha dawa ya macho. Chekecheke, kichujio na oveni ni mali ya mke wangu. Siku ya kuoka udongo nyumba ilinukia shamba baada ya mvua ya kwanza, na mimi niliona ni neema. Yeye aliona vingine, akanieleza kwa kirefu, na tangu siku ile nina chekecheke yangu.

Minazi ni ya waya uliosokotwa na kuzungushiwa karatasi ya gundi, na makuti yake ni karatasi niliyoikatakata pembeni kwa mkasi, kuti moja moja. Nazi zake ni punje za giligilani, ambazo kwa kipimo chetu hukaribia ukubwa wa nazi kamili. Miembe ni vishina vya kichaka kiitwacho sagebrush, kinachoota ovyo katika nyika za huku wala hakina bei. Penye stesheni ya Bububu nimetandika majamvi ya kuanika karafuu, na karafuu hizo ni karafuu hasa, zilizosagwa, hata mgeni akiinama kutazama hupata harufu kabla ya kuona kitu.

Kilichonitaabisha zaidi ni watu. Vibinadamu vya kipimo hiki huuzwa kwa paketi, lakini aghalabu ni wachunga ng'ombe wa Kimarekani wenye kofia za pama na bastola. Nimewakata pama kwa wembe mpaka zikawa kofia za viua, nimewavika kanzu za karatasi ya shashi iliyochovywa gundini, na yule aliyekuwa amenyoosha mkono kufyatua risasi nimemnyang'anya silaha, na sasa anamwita muuza kahawa. Nilidhani kazi imekwisha. Mke wangu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akishuka chini kwa ajili ya nguo tu, akasimama siku moja mbele ya kichochoro changu, akakitazama kwa makini, akauliza: “Wanawake wako wapi? Nguo zimeanikwa wapi? Na paka?” Nikamjibu kwamba huu ni mfano wa reli. Akasema reli anaiona, lakini mtaa hauoni. Kuanzia hapo amekuwa mkaguzi mkuu wa mji: ameamuru kamba za kanga kutoka dirisha hadi dirisha, kuku, mbuzi mmoja, watoto wanaokimbizana mbele ya gari la moshi, na bibi mmoja ghorofani anayechungulia kwa nyuma ya shubaka, ambaye haonekani na mtu yeyote, lakini mke wangu anasema yupo, na hilo linatosha.

Wageni wetu wa kutoka pwani, wanaokuja siku ya Idi, hulitazama gari la moshi kwa dakika moja. Saa mbili zinazofuata huzimaliza kwa kugombana mlango ule ni wa nyumba ya nani. Jirani yangu mzee hukaa pembeni akisikiliza Kiswahili asichokielewa, uso wake umejaa raha.

Basi, Mjomba, nina haja mbili kwako. Ya kwanza, chukua kamba, uende ukanipimie kichochoro pale panapobana kuliko pote, ukuta hadi ukuta, na kimo cha baraza kutoka chini. Ukiulizwa na watu unafanya nini, sema lolote ila ukweli. Udongo usinitumie, kwani forodha ya huku haipokei udongo wa ugenini bila ya kibali. Ya pili ni rangi ya mabehewa. Picha zote nilizozipata ni nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa kubeba abiria kulikoma mwaka 1922, hapana aliye hai aliyewahi kulipanda gari lile. Lakini wako walioambiwa na wazazi wao, na barazani hapo hawakosekani. Waulize, na kila mmoja andika jawabu lake na jina lake. Wakikubaliana, nitashangaa na nitapaka. Wasipokubaliana, kila behewa litapakwa kwa kauli ya mzee mmoja, na yeyote atakayetaka kuipinga rangi ya mwenzake atafunga safari aje kuipinga hapa Denver, chini ya nyumba, na chakula kiko.

Wasalaam,
Mpwa wako akupendaye