Tumsifu Mkandarasi wa Kiraka

Wapiga nanga wa Kagera wamewaimba wafalme na mashujaa mpaka nyuzi zikachakaa. Mkandarasi wa kiraka hawajamfikia bado. Basi na tumsifu sisi, kwa maneno makavu tu, kabla mvua za Machi hazijafuta ushahidi.

Simsemi mkandarasi wa barabara kuu. Wale waliotandika lami kutoka Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, walikuja na mitambo yao, wakamaliza, wakafungasha. TANROADS ina barabara kuu na za mkoa. TARURA, tangu mwaka 2017, ina za wilaya, mijini na vijijini. Lakini kile kipande cha kutoka barabarani hadi mlangoni kwako, cha nyumba ya wageni, cha sheli, cha mstaafu aliyejimwagia lami wakati mtambo ulikuwa jirani, kikishaoza ni mali ya nani? Ni yako peke yako. Hapo ndipo shujaa wetu anapopata kazi.

Wanaomwita tapeli hawajui lami. Lami ya moto huchanganywa mtamboni ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na ni lazima ishindiliwe kabla haijapoa. Mtambo wenyewe hufuata miradi mikubwa. Hakuna atakayeuwasha kwa ajili ya matoroli ishirini ya kiingilio chako. Ukiagiza kutoka mbali, lori litafika milima ya Karagwe limebeba jiwe. Mtu wetu ameyavuka yote hayo kwa pipa, mafiga matatu na kuni za mkaratusi. Lami inachemka, moshi mweusi unawaita watoto wa kitongoji kizima, yeye anainyunyiza kwa debe lililotobolewa matundu, anamwaga kokoto juu, kisha mpwa wake anapita na pikapu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Huko ndiko kushindilia. Mwisho anapaka oili chafu, na kiingilio kinang'aa hata ungedhani kuna mheshimiwa anakuja kuzindua.

Tutazame unyenyekevu wake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, ina madaraja kuanzia la 1 hadi la 7. Yeye hakutaka kuwasumbua. Kuhusu sheria nyingine yuko makini zaidi: anafahamu kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 imeipa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, na kwamba mtu hachimbi wala kumwaga kitu humo bila kibali. Ndiyo maana kazi za pale mbele huzifanya Jumapili.

Vipimo hachukui kwa futi kamba. Anasimama getini, anakunja jicho moja, anatafuna kahawa aliyokaribishwa, anasema, "Tata waitu, hii ni kazi ndogo." Na bei anayotaja, ajabu, hulingana kabisa na fedha uliyonayo wiki hiyo. Mwezi wa kahawa kuuzwa kazi inakuwa kubwa; Januari, ada za shule zikiwa zimekukausha, shimo lile lile linapungua ukubwa mbele ya macho yako. Mhandisi gani anaweza hilo?

Kisha advansi. Kila mtu Karagwe na Kyerwa anaijua butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakiiva si yake tena. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameikemea kwenye mikutano isiyohesabika. Mkandarasi wetu ameigeuza kichwa chini, na hakuna aliyemkemea. Kwake unanunua wewe, barabara ikiwa ua. Unalipa nusu ya kununulia lami, robo ya kokoto, na kidogo cha mafuta ya pikapu, mpaka siku kazi inapoanza umebaki na deni la shukrani tu. Katika butura ya kahawa mwenye fedha ndiye anayemla mwenye shida. Hapa mwenye fedha ndiye anayeliwa, na huku anamkaribisha mlaji ndizi na maharage. Kama hilo si haki ya kijamii, sijui tuliite nini.

Wapo wanaolalamika kwamba anachelewa. Hawa hawajui historia ya mahali petu. Msafiri James Grant alifika Karagwe na mwenzake Speke mwishoni mwa 1861, mguu ukamlaza, Speke akatangulia Buganda, naye Grant akabaki kwa mfalme Rumanyika miezi kadhaa akijiuguza. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza amefikia wapi. Pikapu ya mtu wetu nayo ina mguu mbovu. Iko njiani, imefika Kyaka, inaomba subira.

Ila sifa yake kubwa ni uaminifu, na hapa naomba msomaji asicheke. Ni mwaminifu kwa maji. Mafundi wengine ni maadui wa maji: wanayachimbia mitaro, wanayawekea kalavati, wanainua katikati ya njia ili yamwagike pembeni. Yeye hajawahi kuyanyima njia. Kiraka hukimwaga juu ya vumbi, juu ya tope, juu ya kingo zilizokwisha kulegea, bila kukata pembe wala kufagia, ili maji yasipate taabu ya kuingia chini. Na kwetu maji hayana uvivu: nyumba ziko migongoni mwa vilima, mvua huja mara mbili kwa mwaka, na kila kiingilio ni mteremko. Yanapenya, yanalainisha udongo mwekundu, gari linapita juu, kiraka kinanyanyuka kizima kizima mfano wa gaga la kidonda. Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza ana kazi tena. Wangapi katika wilaya hizi mbili wamejitengenezea ajira ya kudumu namna hiyo bila mkopo wa halmashauri?

Ukishuka Kyerwa, kwenye ile njia ya kilomita 111 kwenda Murongo iliyoahidiwa lami chaguzi baada ya chaguzi, fani yake ina changamoto zaidi, kwa kuwa lami ya kuiga ni adimu. Huko anamwaga moramu. Sifa ni zile zile, vumbi ndilo limeongezeka.

Mwaka jana mimi na jirani zangu watatu, tunaotumia kiingilio kimoja, tuliletewa mtu mwingine, wa kutoka Bukoba. Alianza vibaya kabisa: badala ya kutazama shimo, alitazama mlima. Akauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Akataka kukata lami iliyooza kwa pembe nne mpaka kwenye udongo mgumu, kuchimba mtaro kwanza, kusafisha, kupaka lami nyepesi ya kugandishia, na magari yasipite siku tatu. Akatoa karatasi yenye vipimo. Halafu akatuambia tuzuie sehemu ya fedha yake hadi msimu mmoja wa mvua upite, kama serikali inavyowazuilia makandarasi wake katika kipindi cha uangalizi wa kasoro. Mtu anayekataa kulipwa yote! Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile ya mtu wetu, na zaidi ya theluthi ya bei hiyo ilikuwa mtaro, kitu ambacho mgeni akija hata hakioni.

Mmoja wetu, mama mwenye nyumba ya wageni, alimwandalia chai. Tulimsindikiza hadi stendi, tukamtakia safari njema, tukampigia yule wetu. Mlio wa kwanza tu, akapokea.