Namna ya Kuipokea Habari Kwamba Kima Amekingwa na Ukimwi

Habari hii haikai sana kabla ya kurudi: chanjo ya VVU yafanikiwa kwa wanyama! Kwa msomaji anayetaka kuifurahia bila kukatizwa, haya hapa maelekezo.

Kwanza, usiulize ni kirusi gani. VVU havistawi ndani ya kima rhesus, yule wa Asia anayetumiwa mno maabara. Mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba seli zake zina protini iitwayo TRIM5-alfa, inayovizima virusi kabla havijashika kazi. Kwa hiyo kima huambukizwa SIV, jamaa wa VVU waliotoka kwa kima wa Afrika Magharibi, ambao huishi navyo bila kuugua. Au huambukizwa SHIV, mseto wenye mwili wa SIV na koti la VVU. Wewe soma "virusi", upite.

Ukipita hivyo, hutakutana na SHIV89.6P, mseto ulioua seli za kinga kwa kasi ya kutisha lakini, kumbe, ulizuilika kirahisi. Chanjo ya kampuni ya Merck iliudhibiti vizuri kwa kima. Chanjo ya namna hiyo ilipopambanishwa na SIV wakaidi zaidi, ililegea; ila habari ya kulegea haina mvuto. Septemba 2007 majaribio ya STEP, yaliyoipima chanjo hiyo ya Merck kwa binadamu, yalisimamishwa. Chanjo haikukinga, na baadhi ya wanaume waliochanjwa walielekea kuambukizwa zaidi kuliko waliopewa chanjo bandia.

Pili, na hili ndilo muhimu kwa furaha yako, usiulize habari za kundi la kulinganishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kima waliochanjwa kwa SIV vilivyouawa walikuwa wakisalimika, na matumaini yakapanda. Mwaka 1991 James Stott na wenzake Uingereza wakatazama kima waliodungwa seli za binadamu tu, zisizo na kirusi chochote. Baadhi yao nao walikuwa wamekingwa! Virusi vya majaribio vilikuzwa ndani ya seli za binadamu, vikatoka vimejipaka protini za binadamu, na kinga ya kima ikazishambulia hizo. Kwa maneno mengine, mnyama alikuwa amechanjwa dhidi yetu sisi. Sijui matokeo ya maabara yaliyo ya haki kuliko hayo.

 

Tatu, mnyama akikataa kuugua, sema haugui. Miaka ya 1980 na 1990 sokwe zaidi ya 100 waliambukizwa VVU Marekani, kwa kuwa ndiye ndugu yetu wa karibu. Wengi mno walikaa tu, wazima. Jerom wa kituo cha Yerkes, Georgia, aliyekufa mwaka 1996, anakumbukwa kwa sababu yeye aliugua kweli. Ikaaminika basi kwamba sokwe na virusi vya jamii hii wameshapatana zamani. Mwaka 2009 ripoti kutoka Gombe, Kigoma, ikavunja imani hiyo: sokwe wa msituni wenye SIV yao walikufa kwa kasi kubwa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri ule ule. Ushahidi ulitoka kwenye vinyesi na mkojo uliookotwa chini ya miti, na kwa mizoga iliyopasuliwa. Hakuna aliyefungiwa.

Sasa onyo kwa mjanja aliyekwisha kuamua kwamba kima ni waongo. Mwaka 1995 watafiti wa Seattle waliwapa kima dawa ya tenofovir, wengine kabla ya kudungwa SIV, wengine saa 4 au saa 24 baada yake. Wote waliopewa dawa walisalimika, wasiopewa waliambukizwa. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kidonge cha kinga chenye dawa hiyo.

Lakini katikati kulikuwa na 2011. Jaribio la FEM-PrEP, lililohusisha wanawake wa Bondo, Kenya, na wa Afrika Kusini, lilisimamishwa kwa kuwa kidonge hakikuonyesha kinga. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walikuwa wamekimeza siku za karibuni. Kima wa Seattle hakuwa na la kusahau: alidungwa kila siku, apende asipende. Hakuwa na mume wa kuuliza kopo lile ni la nini, wala jirani wa kudhani kwamba tayari ameambukizwa.

Ilibidi kuirudia sindano. Mwaka 2024 dawa ya kinga iitwayo lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 wa Afrika Kusini na Uganda, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Hiyo unaweza kuifurahia, ukishauliza bei.