Sifa za Mheshimiwa Aliyegoma Kuwaka

Wakubwa wana watu wao wa kuwasifu, tena kwa ngoma na khanga za bure. Mimi nimebaki na wangu mmoja asiyegombaniwa na mtu: kompyuta ya mezani ya zamani, ile ya kasha zito lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, iliyo chini ya kaunta ya duka la steshenari, na ambayo hungoja foleni ya kuchapa barua za kuomba kazi ifike mlangoni ndipo igome kuwaka.

Watu humtukana, wengine humzaba kofi la ubavuni. Hawajui wanayemdhalilisha. Mheshimiwa huyu hashiki kazi kabla ya kujikagua mwenyewe. Ndiyo desturi ya ukoo wake tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: ukibonyeza swichi, hakuhudumii kwanza, bali anapima kumbukumbu yake, kadi yake ya picha na kibodi yake. Akijikuta mzima, hulia "pip" mara moja na kuingia ofisini. Akijikuta na kasoro, huitangaza kwa sauti mbele ya wateja wote, kisha hukataa kuapishwa. Nitajie mheshimiwa mwingine mwenye tabia hiyo, kura yangu ni yake.

Tena hutangaza kwa mafumbo, maana mtu mzima hasemi maradhi yake ovyo. Kwenye bayosi (programu ya kumwamsha) ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili, kadi ya picha ndiyo inayomsumbua. Kwenye ile ya AMI, mifupi mitatu ni shida ya ramu, yaani ile kumbukumbu yake. Fundi huinama, husikiliza, hukunja uso, na hapo bei inapanda.

Dawa ya ramu, hata hivyo, mara nyingi ni kifutio cha penseli. Chomoa waya wa umeme, shika chuma cha kasha ili umeme tuli ulioko mwilini mwako ushuke, kisha sukuma kwa nje vishikizo viwili vya pembeni. Kipande cha ramu kitajiinua chenyewe. Kitazame ukingoni: ule mstari wa meno ya dhahabu umefifia kwa uchafu. Yasugue taratibu, pande zote mbili, futa makombo ya kifutio, kirudishe na ukikandamize mpaka vishikizo viseme "ka! ka!". Simu yako ya bei mbaya haikuruhusu kuigusa hivyo. Ramu yake imelehemewa humo ndani, na ikifa, mmekufa wote.

Lakini sifa yake kubwa ni kurudisha ujana. Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara, CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2 na volti 3. Ikiisha, Mheshimiwa husahau miaka yote iliyopita na kurudi tarehe aliyowekewa kiwandani, tuseme Januari 2002. Deni lako halijakopwa, mkeo bado hajakujua. Jaribu sasa kufungua tovuti ya benki: anakataa katakata, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti hiyo, kwa kalenda yake, hakijaanza kutumika. Mlinzi wa getini gani angekuwa makini kiasi hicho? Badilisha betri, rekebisha saa, naye anakubali kuzeeka tena bila kinyongo.

Utii wake nao ni wa kupigiwa mfano. Ukisahau flashi ya mteja kwenye tundu lake, asubuhi atajaribu kuwakia humo, akute barua na picha za send-off, na akuambie kwa uungwana kwamba hakuona mfumo wa kuwashia. Chomoa flashi, mambo yamekwisha (fundi mwenye busara huichomoa akiwa ameupa umati mgongo). Na kibodi ikichomoka, baadhi ya ndugu zake huandika kwamba kibodi haipo, kisha wanakuomba ubonyeze F1 ili muendelee. Katika utumishi wa umma mtu hupandishwa cheo kwa maelekezo ya namna hiyo.

Wale wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wana maradhi yao ya kizazi: vikopo vya kapasita vilivyovimba utosini na kuvuja, maana wakati ule nyingi zilitengenezwa kwa kimiminika kibovu. Hao wanahitaji mlehemu, si msifu.

Ulimi wangu wa sifa hukatika siku moja tu, siku diski inapoanza kugonga "tak, tak, tak". Hapo zima. Usiwashe tena eti uone kama safari hii atakubali, kwa sababu kichwa cha kusomea huenda kinazidi kukwangua sahani zenye data kila zinapozunguka. Chomoa diski, ukamtafute anayejua kunusuru mafaili. Na ndipo mwenye duka anapoketi kwenye benchi la wateja na kukumbuka kwamba mitihani ya muhula ya shule zote za jirani ilikuwa humo humo, na kwamba kuinakili kulipangwa Ijumaa.